Mwanafunzi wangu alinyamaza mbele ya jopo, na kosa lilikuwa langu

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja wa Malindi, amemaliza masta ya fasihi ya Kiswahili, akaniambia mwalimu nataka unishike mkono niingie PhD halafu nije niwe mhadhiri. Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki mbili, manake kila nikisikia hilo neno la kushikwa mkono namkumbuka mtu niliyemshika mkono mpaka akashindwa kutembea mwenyewe, na nakumbuka kwamba kabla yake mimi niliachwa nikatambaa peke yangu miaka minane. Nimeona bora niyaandike yote mawili, wanaosomesha wayasome na wanaosoma pia, hasa watoto wetu wa huku Lamu na Malindi ambao nyumbani hawana mtu wa kumuuliza mambo ya chuo kikuu yanakwendaje.

Mie mzaliwa wa Langoni, Lamu. Baba alikuwa seremala. Mama hakujua kusoma herufi hizi tunazoandikia leo, lakini hati za Kiarabu akizisoma kama maji na tenzi akizijua kwa moyo, akifagia yuaimba, akipika yuaimba. Kwetu hakuna aliyekuwa amevuka kidato cha nne. Nilimaliza masta 2010, mwaka wa pili yake nikajiandikisha PhD chuo kimoja Nairobi, mada yangu tenzi za wanawake wa Lamu, zile ambazo hazijachapishwa na bado zimo makashani majumbani mwa watu. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuzisoma. Kumbe kazi ngumu ilikuwa kujua umuulize nani, kitu gani, wakati gani.

Idara ilinipa masupavaiza wawili, yaani walimu wa kunisimamia utafiti, na mie nikashukuru tu. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kukubali unaweza kuuliza kwa adabu: mwalimu, sasa hivi una wanafunzi wangapi, unastaafu lini, una likizo ya utafiti karibuni? Wa kwanza alikuwa amebakisha mwaka na kitu. Siku niliyopata habari kwamba amestaafu nilikuwa nimetoka Lamu na boti ya asubuhi hadi Mokowe, nikapanda basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa nikabadilisha gari, usiku kucha mpaka Nairobi, nikagonga mlango wake na karani ndiye aliyenieleza kwamba aliagwa mwezi uliopita. Nilikaa kwenye ngazi na bahasha yangu ya kurasa sitini sijui niende wapi.

Wa pili alibaki na mimi mpaka mwisho. 2014 ikatoka miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwamba mhadhiri awe na PhD, waliokuwa na masta wakapewa miaka mitano waipate, basi walimu wakakimbilia kujiandikisha na mlango wa supavaiza wangu ukawa na foleni. Wakati ule nilimchukia kweli. Leo kazi ni hiyohiyo ninayoifanya mie, na naona mtu mmoja hawezi kuwasoma watu kumi na nne kwa uangalifu, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Lakini aliyeumia ni mimi. Sura yangu ya tatu ilikaa kwake miezi saba. Mwaka huo tena, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huku kwetu Lamu bara, mabasi ya Lamu yakawa yanakwenda kwa eskoti ya polisi, safari moja unaipanga kama unakwenda hija.

Sura iliporudi ilikuwa nyekundu. Kila penye "mato" ameandika macho, penye "ndia" ameandika njia, "moya" akaifanya moja, na pembeni ameandika tumia Kiswahili sanifu. Ile ni Kiamu, lahaja ya Lamu, ndiyo lugha ya bibi aliyetunga utenzi niliounukuu, na tasnifu yangu nzima ilikuwa juu ya maneno hayo. Nilijua hivyo. Na bado nikarekebisha. Hapa ndipo penye kosa langu la kwanza na naliona zito mpaka leo, nilikaa miezi miwili nikazibadilisha beti za marehemu ziwe sanifu kwa sababu niliogopa kumwambia mwalimu kwamba hapa sikubaliani naye. Kwenye semina ya idara mgeni mmoja akaniuliza mbona shairi ulilonukuu halifanani na picha ya mswada uliyoiweka nyuma. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo mwanafunzi yeyote wa miswada namwambia, kabla hujaandika sura hata moja, andika ukurasa mmoja wa namna utakavyozisoma hati, mpelekee supavaiza wako, akubali kwa maandishi. Hati za Kiarabu kama walivyozitumia wazee wetu zina herufi moja kwa b, p na mb, kwa hiyo neno lilelile mtu anaweza kulisoma bata, pata au mbata, na dhumma, ile alama ya irabu juu ya herufi, ni moja, ndiyo o na ndiyo u. Kila mstari unachagua. Ukishaeleza mapema unachaguaje, na kwamba lahaja utaiacha kama ilivyo, hata akija mtu na kalamu nyekundu una pa kushika.

La mama yangu nalieleza kwa uzito wake. Sura ya nadharia ilirudishwa mara nne, na miaka miwili nzima nilikuwa naihangaikia hiyo nadharia, nikija Lamu nimeinamia laptopu huku mama anakohoa chumba cha pili. Nilijiambia nikimaliza nadharia ntakaa naye nimrekodi tenzi zote anazozijua. Alifariki 2016. Nilikuwa na rekodi zake tatu tu, moja imeingiliwa na kelele za punda. Hakuna mtu aliyenikalisha akaniambia nadharia itakungoja, mzee hatakungoja. Mie nawaambia wanafunzi wangu siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kuzungumza mada: orodhesha watu waliokupita sabini ambao utafiti wako unawahitaji, anza nao, vitabu vitakuwepo.

Na pesa. Kila mwaka niliochelewa nililipa karo ya mwaka huo, nikauza bangili mbili za harusi. Nilifundisha patitaimu vyuo vitatu kwa pamoja, kimoja kilinilipa baada ya miezi kumi na moja, kingine hakijanilipa mpaka leo, kila nikienda naambiwa vocha iko ofisi ya fedha. Usiingie darasani bila barua ya ajira yenye kiwango na tarehe, na usichukue zaidi ya kozi mbili kama bado unaandika tasnifu, mie nilichukua tano na mwaka ule sikuandika hata ukurasa. Halafu nilitakiwa niwe na makala yaliyochapishwa kabla ya kuhitimu, nikaona tangazo kwenye imeli, jarida la kimataifa, nikatuma Jumatatu, Alhamisi wamekubali, nikalipa shilingi elfu kumi na mbili. Idara haikuyahesabu hayo makala. Jarida linalokubali kwa siku tatu halijayasoma makala yako. Kwa Kiswahili tuna Kioo cha Lugha na Mulika za Dar es Salaam, tuna Swahili Forum ambayo mtu aisoma bure mtandaoni, ukae uone makala yao yamejengwaje, utume, ungoje, na ukirudishiwa maoni makali ujue kuna mtu amekusoma.

Nilihitimu 2019. Nikapata kazi chuo kimoja cha huku pwani, nikapanga nyumba Malindi, na nikajiapiza kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayepitia niliyoyapitia.

Wa kwanza kupewa alikuwa binti wa Faza, kisiwani Pate, masta, akili kali, mwenye kujua tenzi za kwao Pate vizuri kuliko mie. Mwaka 2020 huo, korona imefunga vyuo, yeye yuko Faza na mtandao ukija ukiondoka, tukawa tunazungumza kwa meseji za sauti WhatsApp. Akituma sura jioni mie usiku huohuo nimeisoma. Mwanzoni nilikuwa naweka maoni pembeni. Baadaye nikawa narekebisha sentensi. Halafu nikawa naziandika upya aya nzima kwa sababu ni haraka zaidi kuliko kumwelezea, na mtandao wenyewe uko taabani. Ilipofika sura ya nadharia niliona mwanangu huyu atateseka kama mimi, nikamwandikia kurasa kumi na moja, nikamwambia zipitie uone kama zimekaa sawa. Akajibu ahsante sana mwalimu, Mungu akulipe, na mie nikalala nimefurahi.

Muhula mmoja alikwama karo nikamlipia kutoka mfukoni mwangu. Nilidhani ni wema na labda ni wema, lakini tangu siku ile hakuwahi tena kunipinga. Kabla ya hapo tukibishana juu ya neno la Kipate yeye akishika lake na mie langu, na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa na haki. Baada ya karo ikawa "sawa mwalimu", "unaonaje mwalimu". Deni linamfunga mtu ulimi. Siku hizi mwanafunzi akikwama namkalisha tunajaza pamoja fomu za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na za basari, au namwandikia barua ofisi ya fedha alipe kidogokidogo, ikibidi namkusanyia kwa watu asiwajue waliotoa. Mfuko wangu na usimamizi wangu nimevitenganisha.

Siku ya kutetea tasnifu yake mbele ya jopo la watahini ilikuwa 2022. Amevaa baibui jipya, mama yake amekuja kutoka Faza amekaa nje kwenye benchi. Akasoma muhtasari wake vizuri. Mtahini wa nje akamuuliza swali jepesi kabisa, katika nakala tatu za utenzi huu kwa nini umejengea kazi yako hii moja? Kimya. Akanitazama mie. Supavaiza haruhusiwi kusema, nikainamisha kichwa. Mtahini akamrahisishia, basi nieleze nadharia yako kwa maneno yako mwenyewe, usitazame karatasi. Kimya tena, kirefu, mpaka nikasikia feni. Alipewa marekebisho makubwa, miezi sita.

Pale nje hakulia. Aliniambia, "Mwalimu, ile sura siijui. Naisoma kama kazi ya mtu mwingine." Ni kazi ya mtu mwingine kweli, na huyo mtu ni mie, na nilichokifanya kina jina chuoni na jina lenyewe ni udanganyifu, hata kama hela haikupita wala nia haikuwa mbaya. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa idara nikamweleza vile ilivyokuwa. Aliniwekea msimamizi mwenza na akataka sura ile ifutwe yote iandikwe upya na mwenyewe. Nilistahili. Nilikaa wiki nyingi sikuweza kufungua faili ya mwanafunzi yeyote.

Kilichonirudisha ni chuo cha utotoni. Wale waliosoma chuo cha Qur'ani Lamu watakumbuka, unakaa mbele ya mwalimu na unasoma kwa sauti, yeye amefumba mato, na ukikosea hakwambii neno sahihi, agonga mkeka kwa kidole na angoja. Unarudi nyuma mwenyewe. Ukikosea tena agonga tena. Wakubwa wanasomesha wadogo, na siku ya kukhitimu hakuna wa kukusomea. Mwalimu wangu yule angetaka kunisomea juzuu nzima nipumzike angeweza, na ningefika ukubwani sijui kitu.

Basi nikaanza hivyo. Jumamosi baada ya laasiri, barazani kwangu Malindi, mlango wazi na watu wanapita, kila mwanafunzi aja na kurasa tatu azisome kwa sauti mbele ya wenzake. Karatasi hazinifikii mkononi. Sina kalamu. Sentensi isiyo yake yajulikana hapohapo kwa namna ulimi unavyokwama, na hilo usingeliona kwenye skrini. Mie nauliza tu, ulimaanisha nini hapa, umejuaje, nani amesema kinyume? Wakati mwingine nusu saa imekwisha tuko aya moja. Binti wa Faza alikuwa wa kwanza kusoma pale, sauti inamtetemeka, na kwa miezi mitano aliiandika ile sura upya. Alikwenda mwenyewe Siyu, kisiwa hichohicho cha Pate, kwa familia yenye nakala ya pili, akakaa siku nne, na alirudi na sababu zake za kuchagua nakala, sababu ambazo mie sikuwa nazo kichwani wala nisingezipata nikiwa nimekaa Malindi. Alipita.

Mengine niliyojifunza ni madogomadogo lakini yana faida. Watoto wetu wamelelewa kwamba kumkumbusha mkubwa ni kukosa adabu, kwa hiyo sura yaweza kukaa kwa mwalimu nusu mwaka na mtoto anaona aibu kuuliza. Siku ya kwanza nawaambia nina wiki tatu za kusoma sura, zikipita unikumbushe na utakuwa umenitendea hisani, na nawapa maneno yenyewe waandike: Asalamu aleikum mwalimu, sura ya pili niliileta tarehe 3, wiki tatu zimetimia, naomba kujua niipitie lini. Wengi walikuwa hawajui tu waanzeje. Na kila tukikutana, usiku huo mwanafunzi anitumia imeli ya mistari mitano, tumekubaliana hiki na hiki, manake mie nasahau na yeye anasikia anavyotaka kusikia.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kiombwe mapema, mtandaoni, kisha ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu. Lakini kibali hicho hakifungui kasha la mtu. Nyumba za Lamu zina miswada na zina kumbukumbu za watu waliokuja wakachukua hawakurudi. Usipige picha na simu kabla ya kuruhusiwa, na ukiruhusiwa rudisha nakala kwa wenyewe, iliyochapwa vizuri, kabla hujaipeleka chuoni. Na kabla ya safari tazama kilichokwisha kuwekwa mtandaoni, miswada ya msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu ilipigwa picha chini ya mradi wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, SOAS, chuo cha London, wana mkusanyo wao na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana wao mkubwa. Nimemwona mtu ametumia akiba yake yote kutafuta shairi ambalo nakala yake ipo wazi.

Wale wanaotaka uhadhiri nawaambia na upande wa pili, kwamba nafasi za humaniti ni chache na mtu mwenye PhD yaweza kumchukua miaka patitaimu. Nawaambia mwanzo, wakiwa bado wanaweza kuamua. Kuna makumbusho, kuna tafsiri, kuna kwenda Marekani kufundisha Kiswahili mwaka mmoja kwa mpango wa Fulbright wa serikali ya huko. Na anayebaki nampa vipindi viwili darasani kwangu, mie nakaa nyuma kabisa, halafu tunatunga mtihani pamoja, tunasahihisha karatasi ishirini kila mtu peke yake na kulinganisha alama. Mie niliingia darasani mara ya kwanza na wanafunzi mia na themanini sijawahi kutunga swali hata moja. Tasnifu haikufundishi hilo.

Na sitaki tena kuwa mlango pekee wa mtu. Wa hati nampeleka kwa bibi mmoja wa mtaa wa Mkomani, Lamu, anayezisoma kunishinda mimi. Wa historia nampeleka kwa wenzangu. Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, mama akimuusia binti yake, neno lake la kwanza ni negema, sogea karibu, na miaka yote nilikuwa nalifundisha neno hilo bila kutazama kwamba yule mama alikuwa mgonjwa, akijua hatakuwepo, akampa binti maneno ya kwenda nayo.

Binti wa Faza sasa anafanya PhD kwingine, kwa supavaiza mwingine, alichagua mwenyewe na aliuliza yale maswali ya kustaafu na idadi ya wanafunzi. Mwezi wa nne alinitumia makala yake nisome. Nilikuta aya moja ambayo ningeiandika vingine kabisa. Nikamuuliza umejuaje, akanijibu kwa kurasa mbili, na hatujakubaliana bado.

Kijana wa Malindi nimempigia jana. Nimemwambia aje Jumamosi baada ya laasiri na kurasa tatu alizoziandika mwenyewe, kwa mada yoyote, atasoma wa pili.